Mstari wa Alfajiri

Mwisho wa Oktoba daraja linateleza kwa majani,
si barafu bado, majani tu,
yamelowa, yamelaliana kama kurasa za daftari
lililoangukia karoni.
Nabana breki ya nyuma; ya mbele siiamini.
Saa kumi na moja kasoro robo, Tartu imelala fofofo,
mto Emajõgi unafuka mvuke kama sufuria niliyoisahau,
nami naenda kuwapikia uji watoto mia tatu na arobaini
wasiopenda uji.

Novemba haina umbo.
Manyunyu yanakuwa mvua,
mvua inajuta, inageuka theluji,
theluji nayo inajuta.
Nafika shuleni na mchirizi wa tope mgongoni,
toka kiunoni hadi kisogoni,
na Helve wa masufuria ananiambia:
"Urve, nunua madigadi, mwanamke wewe!"
Nasema nitanunua.
Nimesema hivyo tangu kabla ya talaka.

Kisha usiku mmoja panakuwa kimya.
Unajua hata kabla ya kufungua pazia:
mbwa wa ghorofa ya tatu anabweka kama aliyefunikwa blanketi.
Miaka thelathini ya jikoni imenifunza kuijua theluji kwa unga wake.
Hii ni ngano iliyochekechwa mara mbili,
haishikani, inapeperuka mbele ya tairi.
Ya jioni ni chumvi ya mawe.
Ya juzi ni ukoko wa uji chunguni,
na hiyo ndiyo iangushayo watu.

Na pale, njia ya kando ya mto,
mstari.
Mmoja, unaogawanyika kwenye kona ukawa miwili,
ukarudi mmoja, kama waliogombana wakapatana.
Kuna aliyenitangulia.
Kila siku. Nikiwahi, yeye amewahi zaidi.
Simjui. Najua tu kwamba huyumba kulia akipanda daraja
na hashuki,
na kwamba tairi lake la nyuma lina mkwaruzo
unaoacha alama kila mzunguko, ndogo, ya kupinda,
kama koma.
Napita humo humo alimopita,
maana hapo theluji imeshabanwa, tairi linashika.
Naishi kwa deni la mtu nisiyemjua jina.

Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kope zinagandana. Mnyororo unalia, mafuta yamekuwa nta.
Wenye magari wananionea huruma
huku wakikwangua vioo kwa kadi ya benki;
mimi nimeshapata joto kabla ya taa za pili.

Ilikuwa Jumatano. Karibu na daraja mstari ulivunjika.
Umbo la bega. Umbo la goti.
Doa jeusi la mafuta, vidole vitano vimetandazwa,
na glavu ya sufu, kijivu,
gumba lake limetiwa kiraka chekundu kwa mkono.
Nilitafuta damu kwa taa ya baisikeli,
nimeinama kama aliyeangusha sindano.
Hakuna. Kisha nyayo, na mstari kando yake:
alikokota.

Niliitundika glavu kwenye ukingo, gumba juu.
Siku hiyo uji uliungua, na Helve hakuuliza.

Alhamisi hapana mstari.
Ijumaa glavu imevaa kofia ya theluji.
Wiki nzima nikawa mimi ninayevunja,
nikajua uzito wake, unga ule laini
ambao kumbe si laini kwa anayeanza,
mapaja yakiwaka, pumzi ikigandia skafu,
na nyuma yangu mstari uliopinda ovyo
ambao nisingependa mtu aufuate.

Jumatatu glavu haipo.
Mbele yangu bado pametanda, peupe, hapajaguswa.
Nikavunja.
Saa tisa alasiri narudi, giza limeshaanza kuingia,
theluji haikuongezeka tangu asubuhi,
na mstari wangu uko pale pale na kupinda kwake,
lakini ndani yake, kila mzunguko,
mpaka darajani na kuvuka,
koma, koma, koma,
koma zisizokoma,